Je, Wajua? Tairi kubwa huidanganya spidomita

Spidomita nyingi haziipimi barabara, huhesabu mizunguko. Tairi likiwa kubwa, kila mzunguko hulisogeza gari mbali zaidi, ilhali hesabu ni ileile.

Toyota Hilux nyingi hutumia matairi ya 265/65R17: upana wa milimita 265, ukuta wenye kimo cha asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 17. Kimo chote ni takriban milimita 776. Ukifunga 285/70R17, matairi ya lami na porini, kimo hufika milimita 831. Spidomita iliyokuwa sahihi ikisoma 100, mwendo halisi ni kama kilomita 107 kwa saa. Umbali nao hupunjwa kwa kiasi hichohicho, hivyo pikapu huonekana kula mafuta zaidi kuliko inavyokula kweli.

Na zile milimita 55 zilizoongezeka? Nusu yake tu, kama 27, ndiyo huinua difu kutoka ardhini. Nusu ya pili hupanda juu ya ekseli na kusogelea bodi. Kabla ya kununua, kata usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, ukague nafasi iliyobaki.