Mtoto wa Nchi Mbili

Watu wa Mombasa na wa Tanga wameoana tangu zamani, na leo watoto wao huzaliwa chini ya sheria mbili. Twapenda kulieleza jambo hili, kwani wazazi wengi hulikumbuka mtoto akisha kuwa mtu mzima.

Kwa Katiba ya Kenya ya 2010, mtoto ni raia wa kuzaliwa madhali mama au baba yake ni raia, popote azaliwapo. Kabla ya hapo mama Mkenya aliyejifungulia ng'ambo hakuweza kumrithisha mwanawe uraia. Nasi twaona hiyo ilikuwa dhuluma. Uraia huo haumtoki kwa kupata mwingine. Sheria ya Tanzania ya 1995 nayo humkubali mtoto wa Mtanzania, lakini uraia wa nchi mbili humwachia mpaka miaka 18 tu. Asipoukana ule wa Kenya, wa Tanzania humponyoka. Na kwa kawaida asiye raia hagawiwi ardhi huko ila kwa uwekezaji.

Basi chukueni mapema cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili, mkiweke pamoja na hati ya ndoa, na kijana aelezwe haya kabla hajatimiza umri huo.