Land Rover: Umbo Lile Lile, Miguu Mipya

Mkazi wa Kilolo au Rungwe akioneshwa Land Rover iliyoundwa mwaka 1960 na nyingine ya mwaka 1990, huenda akasema ni gari moja. Zote mbili zina pande bapa na bodi ya aluminiamu. Maana gari hili lilipotolewa Uingereza mwaka 1948, feleji ilikuwa adimu baada ya vita. Kuhusu injini yatosha kusema kwamba ya kwanza ilikuwa ya petroli, lita 1.6, na ya dizeli ilifuata mwaka 1957.

Badiliko kubwa limo uvunguni, nalo halieleweki bila fizikia kidogo. Difu huyapa magurudumu mawili ya ekseli moja nguvu sawa ya kuzungusha. Sasa tuchukue barabara ya udongo ya Nyanda za Juu Kusini mwezi wa Machi, yenye mitaro iliyochimbwa na mvua. Gurudumu moja likining'inia hewani, nguvu ndogo sana yatosha kulizungusha. Na kwa kuwa mgawo ni sawa, lenzake lililokanyaga ardhi nalo hupata hiyo hiyo ndogo. Gari husimama. Mgonjwa aliyelazwa nyuma, akipelekwa hospitali ya wilaya, hawezi kungoja udongo ukauke.

Land Rover za awali zilikuwa na springi za vipande vya feleji vilivyopangwa kimoja juu ya kingine: imara, lakini ngumu, na hazilishushi gurudumu mbali. Mwaka 1983 toleo la One Ten, lenye takriban inchi 110 baina ya ekseli zake, lilileta springi za koili, ambazo huliwezesha gurudumu kuufuata mtaro hadi chini. Tena magurudumu yote manne yakawa yakiendeshwa wakati wote, na difu ya katikati yaweza kufungwa kwa mkono wa gia. (Dereva anayesahau kuifunga hukwama, kisha hulaumu matairi.)

Jina la Defender lilikuja mwaka 1990. Mwaka 1998 ikaja injini ya Td5, ambayo mafuta yake hupimwa na kompyuta. Hapo, kwa maoni yangu, gari lilianza kumponyoka fundi wa Iringa na wa Mbeya: yeye aliyeweza kubadilisha kipande cha springi kilichovunjika kwa spana na nyundo, sasa alihitaji chombo cha kuisoma kompyuta hiyo. Uundaji ulikoma huko Solihull Januari 2016. Defender mpya, iliyooneshwa mwaka 2019, haina tena chasisi ya feleji wala ekseli nzima. Kila gurudumu hupanda na kushuka peke yake.