Punje Chini ya Chuchu

Bwera na Kasese, magharibi mwa Uganda, mbwa jike ni mlinzi wa boma. Hulala mlangoni, huzaa akizaa, na tumbo lake hakuna anayelitazama. Chuchu zikivimba, watu husema ni maziwa. Mara nyingi wamesema kweli, kwani mbwa huweza kujaa maziwa hata bila mimba. Ila maziwa hukauka baada ya wiki chache. Uvimbe mgumu usioondoka ni jambo jingine: karibu nusu ya uvimbe wa matiti ya mbwa ni saratani, na saratani hiyo hupenda kukimbilia mapafuni.

Umri una sehemu yake. Wengi huugua wakishapita miaka 8. Unene wa utotoni nao hutajwa. Lakini kiini ni homoni. Kila mbwa akishika joto, yaani anapotaka dume, homoni ya projesteroni hukaa mwilini takriban miezi miwili, awe amebeba mimba au hakubeba, na kila mara huamsha chembe za matiti zizaliane. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1969 ulionyesha kwamba mbwa aliyetolewa ovari kabla ya joto la kwanza alibaki na nusu tu ya asilimia moja ya hatari inayomkabili asiyetolewa. Baada ya joto moja ilikuwa asilimia 8, baada ya mawili 26. Wataalamu waliopitia tafiti za jambo hili mwaka 2012 waliona ushahidi wake ni dhaifu, kwa hiyo siziapii tarakimu. Mwelekeo wake nauamini.

Sindano za kuzuia mimba, ambazo huonekana njia rahisi, zina homoni ya jamii ileile: huongeza uvimbe na huweza kuozesha mji wa mimba. Tafadhali msimchome mbwa sindano hizo.

Ili kuuwahi uvimbe, mlaze mbwa wako chali jioni akiwa ametulia. Mbwa ana chuchu kama 10, safu mbili kutoka kifuani hadi kinenani. Papasa moja moja kwa ncha za vidole, ukikawia kwenye jozi mbili za nyuma, maana huko ndiko uvimbe huota zaidi. Ukigusa kitu kama punje ya buni, usingoje kikue. Uvimbe ulio chini ya sentimita 3 ukikatwa, mbwa ana matumaini makubwa zaidi.

Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, daktari wa mifugo akiwa tayari amemshika mbwa wako, mwombe ampapase tumbo pia, na umuulize lini atamtoa ovari mbwa jike wako mdogo ambaye bado hajashika joto.