Grin: Sarafu ya Waundaji Wasiojulikana

Mwanzoni mwa Agosti 2016, mtu aliyejiita Tom Elvis Jedusor aliingia katika chumba cha soga mtandaoni ambamo wataalamu wa Bitcoin hujadili utafiti wao. Akaacha kiungo cha waraka mfupi, akaondoka. Hakurudi tena kwa jina hilo.

Waraka wenyewe uliitwa Mimblewimble, jina ambalo katika hadithi za Harry Potter ni la uchawi wa kumfunga mtu ulimi. Tom Elvis Jedusor nalo ndilo jina ambalo vitabu hivyo, katika tafsiri ya Kifaransa, vinampa mchawi mwovu Voldemort. Watu hawakukawia kukisia: mwandishi lazima awe Mfaransa. Huenda ikawa kweli. Lakini anayejificha kwa makini kiasi hicho anaweza kabisa kuacha dalili ya Kifaransa kwa makusudi, ili wanaomsaka waelekee kwingine.

Yaliyokuwamo katika waraka yalikuwa mazito kuliko jina. Daftari la Bitcoin liko wazi kwa ulimwengu mzima: kila muamala unaonekana, kiasi chake na anwani zilizohusika, na haufutiki. Ni kama taarifa yako ya M-Pesa kubandikwa ukutani sokoni, jina tu likiwa limefunikwa. Jedusor alipendekeza hesabu za kuficha kiasi, kuondoa anwani, na kutupa kumbukumbu za sarafu zilizokwisha kutumika ili daftari lisivimbe. Hata hivyo kompyuta za mtandao zingeweza kuhakikisha kwamba hakuna sarafu ya kughushi iliyopenyezwa. Andrew Poelstra, mwanahisabati wa kampuni ya Blockstream, aliichambua hoja hiyo, akaikuta ina mashiko, na Oktoba mwaka huo akatoa waraka wake wa kuiendeleza.

Mwezi huohuo akajitokeza mwingine: Ignotus Peverell. Katika Harry Potter, huyu ndiye mmiliki wa kwanza wa joho linalomfanya mvaaji asionekane. Peverell alikuja na programu, iliyoandikwa kwa lugha ya Rust na kuachwa wazi ili anayetaka aisome, aikosoe au airekebishe. Wengine wakajiunga naye, baadhi kwa majina ya vitabu vilevile, baadhi kwa majina yao halisi. Sarafu yao, Grin, ilianza kufanya kazi tarehe 15 Januari 2019. Kabla mwaka huo haujaisha, Peverell naye akawa haonekani tena.

Je, Jedusor na Peverell ni mtu mmoja? Wakisiaji wa mambo haya wana vipimo vyao. Huangalia saa ambazo mtu hutuma kazi, na kukadiria analala wapi. Huangalia kama Kiingereza chake kina tahajia ya Uingereza au ya Marekani, na jinsi anavyopanga mistari ya programu. Vipimo hivyo vinaweza kupunguza orodha ya washukiwa, lakini havitoshi kumtia mtu hatiani. Vikikosea, vinaumiza. Machi 2014 jarida la Newsweek lilimtaja mhandisi mmoja wa California kuwa ndiye Satoshi Nakamoto, mwanzilishi wa Bitcoin. Waandishi wa habari wakaizingira nyumba yake na kumfuata kwa magari barabarani. Mzee huyo alikana, na hakuna ushahidi wowote uliothibitisha madai hayo.

Kujificha peke yake si dhambi. Anayeunda fedha isiyofuatilika ana sababu za kuogopa wezi, watekaji na hata serikali. La kuchunguza ni alichojiwekea kabla ya kuwakaribisha wengine.

Hapa Grin inastahili heshima. Hakuna sarafu zilizochimbwa, yaani kuzalishwa kwa kompyuta, kwa siri kabla ya uzinduzi, wala fungu la waanzilishi. Sarafu moja huzaliwa kila sekunde, bila kikomo, na yote huenda kwa wachimbaji. Kazi ya programu iliendeshwa kwa michango. Novemba 2019 mtu asiyejulikana aliuchangia mfuko wa Grin bitcoin 50, zaidi ya dola 400,000 kwa bei ya siku zile, na uvumi ukaenea kwamba mtoaji ni Satoshi mwenyewe. Beam, mshindani aliyezinduliwa siku chache kabla ya Grin kwa hesabu zilezile za Mimblewimble, ilikuwa na kampuni na viongozi waliojulikana kwa sura; nayo ilitenga asilimia 20 ya sarafu mpya za miaka ya mwanzo kwa hazina yake.

Bytecoin ilikuwa kinyume. Ilipotangazwa kwa umma mwaka 2014, ikidaiwa kuwapo tangu 2012, takriban asilimia 80 ya sarafu zote zilikuwa zimekwisha kuchimbwa, na haikujulikana na nani. Hasira ya watu ndiyo iliyozaa Monero Aprili mwaka huo: walichukua programu ileile, wakaanza daftari upya kutoka sifuri.

Mbaya zaidi ni sarafu ya Squid ya mwaka 2021, iliyojipachika kwenye umaarufu wa tamthilia ya Korea Kusini. Bei yake ilipanda hadi zaidi ya dola 2,800, huku walionunua wakikuta hawawezi kuuza. Tarehe 1 Novemba waundaji wasiojulikana walitoweka na zaidi ya dola milioni 3, bei ikaporomoka karibu na sifuri kwa dakika chache. Tovuti yao ilikuwa imejaa makosa ya lugha, na bado watu walitoa fedha zao.

Msomaji unayeshawishiwa kununua sarafu changa, achana na kukisia nani yuko nyuma ya jina la bandia. Uliza waanzilishi walichukua fungu gani, kama programu iko wazi kusomwa, na kama waliotangulia kununua wameweza kuuza. Ukinyimwa jibu la swali hata moja kati ya hayo, baki na fedha zako.