Kanda ya Zamani ni Mali ya Nani?

DOHA – Jiji hili limekwisha kuonja faida ya kazi ya sanaa iliyotengenezwa zamani. Machi 2016 beIN Media Group, yenye makao yake hapa Doha, iliinunua Miramax, studio ya Marekani iliyokuwa na utajiri wa mamia ya filamu zilizokwisha kutoka. Mwaka 2020 ikawauzia ViacomCBS asilimia 49 katika mpango wa dola milioni 375, sehemu yake ikiwa taslimu na sehemu ahadi ya kugharimia kazi kwa miaka kadhaa. Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoendesha biashara ya muziki wa zamani, na mfano wake ulio karibu nasi zaidi ulianzia Mji Mkongwe. Freddie Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Mwaka 2024 iliripotiwa kwamba Sony imekubali kulipa takriban pauni bilioni 1 kwa nyimbo na haki za bendi yake, Queen. Wengi waliona humo malipo ya sauti na umaarufu. Mimi naona malipo ya makaratasi: mikataba iliyodaiwa upya, kanda zilizotunzwa, na wenye mali wanaojulikana kwa majina.

Albamu inayolionyesha jambo hili vizuri ni Sheer Heart Attack, ya tatu ya bendi hiyo, iliyotoka Novemba 1974. Ndiyo iliyowavusha. Albamu mbili za kwanza zilijaa majitu na wafalme wa hekaya. Hii ya tatu ikaleta nyimbo fupi zenye kukamata sikio, ukiwamo Killer Queen wa Mercury, uliofika nafasi ya 2 Uingereza. Yenyewe ilitengenezwa kwa taabu. Mpiga gitaa Brian May aliugua homa ya ini wakiwa ziarani Marekani, wakarudi nyumbani, na sehemu zake nyingine akaja kuzirekodi baadaye wenzake wakiwa wameshaendelea na kazi. Hata jalada linasema kitu: vijana wanne wamelala chini wakibanana, wamepakwa mafuta ya Vaseline na kunyunyiziwa maji, kama watu waliotupwa ufukweni baada ya jahazi kuzama. Kifedha hali yao haikuwa mbali na picha hiyo. Mkataba ulikuwa na kampuni ya Trident, iliyosimamia bendi na kuwapa EMI rekodi zao, na vijana wenye wimbo unaovuma redioni walikuwa wakiishi kwa posho ya wiki. Mwaka 1975 walijitoa kwa gharama kubwa: pauni 100,000 za kuvunja mkataba, pamoja na asilimia 1 ya mrabaha wa albamu 6 zilizofuata. Kwa bendi isiyo na akiba ulikuwa mzigo, lakini ndio ununuzi wenye busara kuliko wote waliowahi kuufanya.

Yaliyofuata ni historia ya albamu moja kuuzwa mara nyingi. Hollywood Records ya Disney iliitoa kwa CD Marekani mwaka 1991, ikaongeza wimbo mmoja uliochanganywa upya. Mwaka 2011, Queen walipohamia Island ya kundi la Universal, ikatoka iliyosafishwa upya sauti, na nyongeza zake. Mwaka 2014 tamasha la ukumbi wa Rainbow, London, la Novemba 1974, likatolewa rasmi baada ya miaka 40. Mwaka 2015 albamu zote za studio zikarudi kwenye santuri za rangi. Msomaji ana haki ya kuuliza kama huku si kumkamua shabiki. Kwa kiasi fulani ni kweli. Yupo aliyelipia wimbo uleule mara tatu. Lakini anayenunua Rainbow hanunui alichokuwa nacho. Ananunua kazi iliyokuwapo kwa sababu mtu aliihifadhi kanda, akajua imerekodiwa wapi na lini. Na kipande kisichomilikiwa kinaonekana mara moja katika bei: kwa mujibu wa taarifa za mauzo ya 2024, haki za rekodi za Marekani na Kanada zilibaki kwa Disney, Sony wakapata zilizobaki.

Sasa tugeukie kwetu. Bendi za Tanzania zilirekodi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zikabaki kwenye rafu za redio. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali Januari 1979, aliacha nyimbo zinazoimbwa hadi leo, na kibiashara nyingi zilipitia kampuni za Nairobi ambazo zilibadilisha wamiliki na majina. Sheria ya hakimiliki iliyozaa COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, ilikuja mwaka 1999, nyimbo hizo zikiwa watu wazima. Ndiyo maana toleo jipya la heshima mara nyingi linatoka mbali: juzuu ya kwanza ya mfululizo wa Zanzibara, yenye muziki wa Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanza Unguja mwaka 1905, ilitolewa na Buda Musique ya Paris.

Litaletwa pingamizi kwamba Queen waliuza kwa Kiingereza, dunia nzima, na kulinganisha ni kuonea. Ukubwa wa soko unaeleza kwa nini wao ni bilioni na sisi si bilioni. Hauelezi kwa nini sisi ni sifuri. Wapo pia wasemao kwamba kanda zilizorudufiwa mitaani na nyimbo zilizopandishwa YouTube bila ruhusa ndizo zilizouokoa muziki wetu. Nakubali, na tuwashukuru waliofanya hivyo. Ila walichookoa ni sauti. Familia ya mpiga gitaa haijapata senti. Na soko lipo, hata hapa. Spotify ilifika Qatar Novemba 2018, miaka miwili na zaidi kabla ya kufika Kenya na Tanzania mwaka 2021. Mlinzi Mkenya anayemaliza zamu West Bay na kupanda basi kurudi Industrial Area, simu mkononi na rumba ya Nairobi masikioni, ni msikilizaji katika nchi ambayo ada ya mwezi ni kubwa kuliko kwao, na fungu la malipo hutegemea ada hiyo. Anapobonyeza wimbo wa 1978 uliosajiliwa kwa jina la mtu asiyehusika, fungu linakwenda kwa huyo.

Akitokea mwekezaji wa Doha leo, mwenye uzoefu wa mambo ya Miramax, akataka kununua hazina ya bendi ya dansi ya miaka ya 70, kabla ya kusikiliza wimbo hata mmoja ataomba mkataba wa kurekodi, orodha ya watunzi na warithi wao, na kanda yenyewe ikiwa na tarehe juu ya kisanduku. Kazi ya kuvitafuta vitu hivyo vitatu inaweza kuanza sasa, Dar es Salaam na Nairobi, wakati baadhi ya wapigaji wangali hai kueleza nani alitunga nini.