Nani Atalisha Mji wa Wataalamu?

Wahenga walinena kuwa elimu haina mwisho. Mimi nami, baada ya miaka mingi ya kufundisha Jiografia mjini Kitale, nimepata somo kutokana na mchezo wa kompyuta, tena kwa mkono wa mwanafunzi wangu.

Mchezo wenyewe ni Civilization, uliosanifiwa na Sid Meier na Bruce Shelley na kutolewa na kampuni ya MicroProse ya Marekani mwaka wa 1991. Huchezwa kwa zamu, mithili ya bao. Kila mji umezungukwa na miraba 20 ya nchi kavu au maji, na kila raia hutumwa katika mraba mmoja. Raia hula vipimo 2 vya chakula kila zamu. Mraba wa nyasi usiomwagiliwa maji hutoa viwili hivyo tu, yaani humlisha anayeulima peke yake. Anayeondolewa shambani huwa mtumbuizaji. Na mji ukifikisha raia 5, aweza kufanywa mtoza ushuru au mwanasayansi. Havuni hata punje, lakini tumbo lake li pale pale.

Muhula uliopita, mvulana mmoja wa chama cha kompyuta aliwageuza nusu ya raia wake kuwa wanasayansi ili awapiku wenzake kwa maarifa. Alitamba kwa zamu kadhaa. Kisha ghala likakauka, na raia wakaanza kupungua mmoja baada ya mwingine. Akaniuliza, "Mwalimu, kosa langu ni lipi, na hawa wote ni wasomi?"

Nilikosa la kumjibu. Wiki iyo hiyo nilikuwa nimekubaliana na ndugu zangu kulikata shamba la baba kule Bungoma vipande vya kuuza. Ni ekari sita, nasi tu wana wanne. Watatu tumeajiriwa mijini. Kitinda mimba ndiye alimaye. Baba alituuliza jambo moja tu: "Wanangu, ploti husongwa ugali?" Tukamcheka.

Asafiriye kutoka Kitale kupitia Kiminini na Kamukuywa kuelekea Bungoma atajionea mwenyewe. Mahali pengi palipokuwa na mahindi, leo pana vigingi na mabango ya ploti. Na hili ndilo eneo tunalojivunia kuliita ghala la taifa!

Sisemi kwamba wataalamu ni kupe. La hasha! Ni watafiti wa papa hapa Kitale waliochanganya mbegu ya kwetu na ile iliyotoka Ecuador, wakapata mahindi chotara ya H611, yaliyotolewa mwaka wa 1964. Wataalamu wachache wakaneemesha mashamba ya wengi. Mtaalamu wa namna hiyo amelipa deni la chakula chake.

Wala simlaumu mzazi auzaye robo ekari ili alipe karo. Huyo hakukosea hesabu, alikosa njia. Sisi hatukukosa njia. Tulitamani fedha za haraka.

Katika mchezo, ukijutia uamuzi wako, waweza kumrudisha mwanasayansi shambani papo hapo. Shamba lililomwagiwa saruji halirudi. Kwa hiyo nimewaandikia ndugu zangu kwamba nimejitoa katika mauzo hayo. Nimependekeza shamba libaki moja, mdogo wetu alilime, nasi tulio na mishahara tugharimie mbegu na mbolea. Mmoja amekubali. Mwingine hajanisemesha hadi leo.

Walimu wenzangu, mara ngapi tumewaambia watoto wasome kwa bidii wasije wakashika jembe? Kwa kauli hiyo twawafunza hesabu ya yule mvulana. Nanyi wanafunzi, kuweni wataalamu, tena wa kupigiwa mfano; ila kila mmoja wenu aujue mraba unaomlisha, na amheshimu aliyebaki akiulima. Mwacha asili ni mtumwa.