Likizo ndefu, nyuzi nne

Wenzangu wananiuliza muziki wa nyuzi unasomwa wapi likizo. Mimi nilikwenda Dhow Countries Music Academy, chuo kilichoanzishwa 2002 Mji Mkongwe, Zanzibar. Hapo watoto na watu wazima wanajifunza ala za taarab: udi, kanuni, fidla.

Nilishika fidla. Gitaa lina vyuma vidogo shingoni vinavyokuonyesha pa kubonyeza. Fidla na udi hazina. Kidole kikisogea kidogo tu, sauti inapotoka. Kwa hiyo unafundisha sikio kwanza, mkono baadaye. Na nusu saa kila siku inashinda mazoezi ya kutwa ya Jumamosi moja.

Ugumu uko nyumbani. Kwetu Kingerikiti likizo ndefu huangukia msimu wa kuchuma kahawa, na mikono yako inahesabiwa. Mama aliniuliza, "Hiyo fidla itachuma?" Tukakubaliana: nichume kwanza, nauli itoke kwenye bumu langu.

Ukitaka kwenda, zungumza na wazazi kabla kahawa haijaiva, ulizia ada mapema, na kama una mdogo wako, nenda naye. Mkirudi wawili, kuna wa kukusikiliza ukikosea.